Umeambiwa Una Kisukari: Nani Akusaidie, na Akusaidie Nini?

Kama umeambiwa hivi karibuni kwamba una kisukari cha aina ya pili, au unamhudumia mama, mume, bibi au shangazi aliyeambiwa hivyo, huenda tayari umepokea ushauri wa watu kumi. Jirani amekwambia uache wali kabisa. Wifi amekutumia sauti ya dakika nane kwenye WhatsApp kuhusu majani ya mti fulani. Muuzaji mmoja Kariakoo amekuhakikishia kuwa unga wake unamaliza sukari kwa siku 21. Mwanao mkubwa amepiga marufuku chumvi nyumbani, ingawa hujaambiwa una presha.

Wengi wao wanakutakia mema. Lakini jiulize: katika hao wote, ni nani atakayekusindikiza kliniki? Nani atakaa na biashara yako asubuhi hiyo? Nani atapika chakula ambacho wewe na watoto mtakula sahani moja?

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii na ninazunguka mitaa ya Ilala. Ninachokiona ni kwamba mgonjwa mpya hakosi watu wa kumpa maneno. Anachokosa ni watu wenye kazi maalumu. Kliniki utakwenda labda mara moja kwa mwezi, baadaye mara moja kwa miezi miwili au mitatu. Siku nyingine zote uko jikoni kwako, sokoni, na watu wako. Ndiyo maana makala hii inahusu jinsi ya kugeuza wasiwasi wa watu wako kuwa msaada unaoonekana.

Kwanza, elewa ulichoambiwa

Chakula cha wanga, kama ugali, wali, mihogo na chapati, hugeuka kuwa sukari kwenye damu. Homoni inayoitwa insulini huiingiza sukari hiyo kwenye seli za mwili itumike kama nguvu. Katika kisukari cha aina ya pili mwili hauitikii insulini vizuri, na polepole kongosho hushindwa kutengeneza insulini ya kutosha. Sukari hubaki kwenye damu. Ikikaa juu kwa miaka huharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu ya miguu.

Kwa kawaida daktari husema ni kisukari pale sukari ya asubuhi kabla ya kula inapofika 7.0 au zaidi, au sukari ya wakati wowote inapofika 11.1 au zaidi ukiwa na dalili kama kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kupungua uzito. Kama huna dalili, kipimo hurudiwa kabla ya kuthibitisha. Kipo pia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa takriban miezi mitatu. Hicho hakidanganyiki kwa kujinyima chakula siku mbili kabla ya kliniki.

Hukurogwa, wala hukuambukizwa na mtu, wala hutamwambukiza mwanao kwa kula naye. Na huko peke yako. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Tanzania miaka ya 1980 ulikuta chini ya mtu mzima mmoja kati ya 100 ana kisukari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu watu 9 kati ya 100, wenye umri wa miaka 25 hadi 64, sukari yao iko juu. Ukipita mtaa wa Kongo siku ya Jumamosi, umepishana na wengi wenye hali kama yako. Tofauti ni kwamba wewe umeshajua.

Mwambie nani?

Wanawake wengi huficha. Wengine wanaogopa mume ataona wamekuwa mzigo. Wengine wamepungua uzito, na wanajua mtaani mtu akikonda watu wananong'ona ugonjwa mwingine. Wengine hawataki wateja wajue.

Si lazima umwambie kila mtu. Lakini watu wawili ni muhimu wajue: mmoja unayelala naye nyumba moja, na mmoja unayeshinda naye kazini. Ukizidiwa usiku, wa kwanza atajua afanye nini. Ukizidiwa sokoni, wa pili atajua. Kisukari cha kuficha huleta shida nyingine pia: unaacha dawa ukiwa na wageni, unakula usichotaka ili usiulizwe, na unakosa kliniki kwa kuwa huna sababu ya kutoa.

Kama maneno yanakuwa magumu, anza kwa ufupi: "Baba watoto, nimepimwa, nina kisukari. Kinatibika kwa dawa na chakula, lakini peke yangu sitaweza. Naomba Jumanne twende wote kliniki ukasikie mwenyewe." Mwenzi anapoelezwa na muuguzi mbele yako, mara nyingi mabishano ya nyumbani hupungua.

Gawa kazi, usigawe huruma

Mtu akikuuliza "nikusaidie nini?" usimjibu "niombee tu". Akuombee, sawa, lakini mpe na kazi. Hizi ni kazi sita ambazo familia za kawaida zinaweza kugawana.

*1. Mpishi.* Kama si wewe unayepika, basi huyu ndiye mtu wa kwanza wa kwenda naye kliniki, awe dada wa kazi, binti au mkwe. Mume anaweza kuelimishwa kutwa nzima, lakini anayepima mafuta na sukari ya chai ni mpishi.

*2. Msindikizaji.* Siku ya kliniki unaweza kuwa umeamka bila kula, una wasiwasi, na unaambiwa mambo mengi kwa dakika chache. Masikio mawili zaidi yanasaidia. Kazi yake ni kuandika alichosema daktari na kuuliza ulichosahau.

*3. Mkumbushaji wa dawa.* Kijana wako wa shule anaweza hii kazi. Aweke kengele kwenye simu na ahesabu vidonge kila Jumapili, ili mjue wiki moja kabla kwamba dawa zinakwisha. Watu wengi hukaa siku nne bila dawa kwa sababu tu walifungua kopo wakakuta tupu.

*4. Mwenza wa kutembea.* Lengo la watu wazima wengi ni dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku tano kwa wiki. Peke yako utaahirisha. Ukiwa na jirani anayekugongea saa 12 asubuhi, utatoka. Kama unashinda umekaa kwenye meza ya biashara, inuka kila baada ya nusu saa, zunguka kidogo. Kushuka kituo kimoja kabla ya kwako nako ni kutembea.

*5. Mwangalizi wa miguu.* Kisukari kinaweza kuua hisia za miguu, ukaumia bila kusikia. Kila usiku mtu mmoja aangalie nyayo na katikati ya vidole: malengelenge, mpasuko, wekundu, uvimbe. Mwenye macho mazuri akusaidie, hata mjukuu.

*6. Mshika fedha.* Mtu mmoja ajue kila mwezi zinahitajika kiasi gani za dawa, vipimo na nauli, ili zitengwe kabla hazijaliwa na mengine.

Si kila nyumba ina watu sita. Mtu mmoja anaweza kushika kazi mbili. Kama unaishi na watoto wadogo tu, mwenza wa biashara anaweza kuwa msindikizaji, na kikoba chako kinaweza kuwa mshika fedha. Cha msingi ni kila kazi iwe na jina la mtu. Kazi ya wote haifanywi na yeyote.

Zaidi kidogo kuhusu miguu, kwa sababu hapa ndipo tunapoteza watu

Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, akiwamo Dk Zulfiqarali Abbas, mtaalamu wa miguu ya wenye kisukari, waliandika katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa jiji hili waliong'atwa na panya miguuni. Walikuwa wamekufa ganzi, hawakusikia maumivu, wakafika hospitali na vidonda. Si hadithi ya kutishana. Kwa nyumba zetu za Buguruni, Vingunguti na Ilala penyewe, panya ni wa kawaida.

Kwa hiyo:
- Lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, na usiache mabaki ya chakula chumbani.
- Usitembee peku, hata kwenda bafuni. Viatu vya mtumba vya Karume havina ubaya, lakini ingiza mkono ndani uhakikishe hakuna msumari wala kokoto. Nunua jioni, wakati mguu umevimba kidogo, ili kisikubane.
- Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko, yasipimwe kwa mguu. Kaa mbali na jiko la mkaa.
- Kausha katikati ya vidole. Usikate sugu kwa wembe.
- Kidonda chochote mguuni, hata kidogo na kisichouma, kipelekwe kituo cha afya siku hiyo au kesho yake. Kutouma ndiko kunakotutia wasiwasi.

Maneno yanayosaidia na maneno yanayochosha

Mlezi, sehemu hii ni yako. Mtu mwenye kisukari akisimamiwa kama mtoto, hujifunza kula kwa kificho. Nimeona mandazi yamefichwa kwenye begi la kanisani. Badala ya kumlinda, jaribu kuwa naye upande mmoja.

- Badala ya "Umekunywa soda tena? Unataka kutuachia watoto?" sema "Leo nimechemsha chai ya tangawizi bila sukari, tunywe wote."
- Badala ya "Wewe chakula chako kiko kule, cha wagonjwa" pika chungu kimoja cha nyumba nzima. Chakula kizuri kwa mwenye kisukari ni kizuri pia kwa watoto.
- Badala ya "Fulani alikatwa mguu kwa sukari" sema "Tuangalie miguu tulale."
- Sukari ikipanda, usiulize "Umekula nini?" Uliza "Wiki hii ilikuwaje?" Sukari hupanda pia kwa homa, mawazo, kukosa usingizi na dawa kuisha.

Na wewe mwenye kisukari, una haki ya kusema: "Mama, nakushukuru kwa kunijali. Ukinikumbusha mezani mbele ya wageni naona aibu. Niambie tukiwa wawili." Hilo halivunji heshima.

Jikoni na kwenye shughuli

Huhitaji chakula cha dukani cha wagonjwa. Unahitaji sahani iliyogawanywa upya. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, majani ya maboga, bamia, kabichi, kachumbari. Robo iwe wanga. Robo iliyobaki iwe maharage, kunde, choroko, dagaa, samaki, yai au nyama isiyo na mafuta mengi.

Mambo matatu yanachanganya wengi:

*Dona.* Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ina nyuzinyuzi, lakini bado ni wanga. Mlima wa dona utapandisha sukari. Uji wa ulezi na wa mtama nao ni vivyo hivyo, hasa ukiwa mwepesi na mwingi.

*Asali.* Asali ni sukari. Kuwa ya asili hakuifanyi damu isiione.

*Matunda.* Kula tunda zima, moja kwa wakati, kama chungwa, pera au kipande cha papai. Juisi, hata ya kukamuliwa nyumbani bila sukari, hupandisha haraka kwa kuwa glasi moja ina matunda matatu au manne. Juisi ya miwa iache.

Hatua moja yenye faida kubwa kuliko zote kwa wiki ya kwanza ni kuacha sukari ya kunywa: soda, juisi, na vijiko vya chai. Ukiweza hilo tu, umeanza vizuri. Punguza kijiko kimoja kila siku chache kama kuacha ghafla kunakushinda.

Harusini, msibani na kwenye maulidi huwezi kubeba chakula chako. Sema mapema kwa anayepakua: "Nipunguzie pilau, niongezee kachumbari, na nipe maji badala ya soda." Hutakiwi kueleza ugonjwa wako kwa ukumbi mzima.

Kama unafunga Ramadhani, usisubiri mwezi uandame. Nenda kliniki wiki sita hadi nane kabla, dawa zako zipangwe upya. Wapo wanaoweza kufunga kwa usalama na wapo ambao daktari atawashauri wasifunge. Futari ya tambi, kaimati, viazi vitamu na uji kwa pamoja ni wanga juu ya wanga. Chagua kimoja, na tende moja au mbili zinatosha kufungulia.

Kliniki: namna ya kufaidika nayo

Ukiwa Ilala huna safari ndefu. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Amana na Hospitali ya Mnazi Mmoja zina kliniki za kisukari. Muhimbili hupokea hasa waliopewa rufaa kwa shida kubwa zaidi. Kituo cha afya kilicho karibu nawe kinaweza kupima sukari na kukuelekeza. Uliza siku ya kliniki ya kisukari kabla ya kwenda, maana kila kituo kina ratiba yake. Ukikwama, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure, nao watakupa ushauri wa wapi uanzie.

Kipo pia Chama cha Kisukari Tanzania, TDA kwa kifupi, kilichoanzishwa mwaka 1985. Kimesaidia kuanzisha kliniki za kisukari na kufundisha wahudumu sehemu mbalimbali za nchi. Muulize muuguzi wa kliniki yako kuhusu mafunzo na vikundi vya wenye kisukari. Kila tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, fuatilia matangazo ya upimaji wa bure. Ni nafasi nzuri ya kupeleka ndugu zako wa damu, kwa sababu kisukari cha aina ya pili hutembea kwenye ukoo.

Usidharau lile benchi la kusubiria. Mama uliyekaa naye pale, mwenye kisukari cha miaka kumi, anajua mambo ambayo hayamo kwenye kipeperushi: duka gani la dawa halikuuzii bei ya kuruka, namna ya kumwambia mkwe, kiatu gani hakichubui. Badilishaneni namba. Kipimo cha rafiki mzuri wa aina hiyo ni kwamba anakwambia alivyofanya yeye, hakuambii uache dawa zako.

Siku ya kliniki beba:
- Daftari au kadi yako, na dawa zote unazotumia, pamoja na za kienyeji. Usizifiche. Hatukugombezi, tunataka kujua zisigongane.
- Chakula cha kula baada ya kipimo. Ukiambiwa uje bila kula, usimeze dawa ya kisukari nyumbani halafu ukakaa foleni na njaa. Ibebe, umeze utakapokula, isipokuwa daktari amekuelekeza vingine.
- Maswali yako, yameandikwa.

Maswali ya kuuliza mwanzoni:
1. Lengo langu la sukari ni kiasi gani kabla ya kula na baada ya kula?
2. Dawa hii inaweza kushusha sukari kupita kiasi?
3. Nikisahau dozi nifanye nini? Nikiumwa na kutapika je?
4. Macho yangu, figo na presha vitapimwa lini?
5. Miguu yangu imekaguliwa leo?
6. Kama nataka kupata mtoto, au ni mjamzito, dawa zangu zibadilike?

Swali la mwisho ni zito kwa akina mama. Sukari iliyo juu katika wiki za kwanza za mimba inaweza kumdhuru mtoto kabla hujajua una mimba. Ukipanga kuzaa, sema mapema. Ukigundua una mimba, wahi kliniki wiki hiyo hiyo, wala usiache dawa kwa uamuzi wako.

Kuhusu dawa: wengi huanza na metformini. Inaweza kuchafua tumbo siku za mwanzo, ukaharisha au ukasikia kichefuchefu. Imeze pamoja na chakula au mara baada ya kula. Kwa wengi hali hiyo hutulia ndani ya wiki chache. Isipotulia, rudi useme. Zipo njia nyingine, lakini hatuwezi kukusaidia kama umeacha kimyakimya.

Fedha

Hapa ndipo mipango mingi inavunjika, basi tuseme wazi.

Pesa ikiwa ndogo, dawa kwanza. Mashine ya kupimia na vijiti vyake ni vitu vizuri, lakini kama unatumia metformini pekee, huhitaji kujipima kila siku. Kipimo cha kliniki kinaweza kukutosha. Anayetumia insulini ndiye anayehitaji zaidi kupima nyumbani. Kabla ya kununua mashine, uliza bei ya vijiti na kama vinapatikana muda wote. Mashine ya bei rahisi yenye vijiti adimu itaishia kabatini. Mkitumia mashine moja watu wawili, kila mtu awe na sindano yake mpya na kifaa chake cha kujichomea. Damu huambukiza homa ya ini na Virusi vya UKIMWI.

Sera ya afya nchini inawapa msamaha wa matibabu wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Kama unamhudumia bibi au babu, uliza dirisha la wazee. Wengine wasio na uwezo huanzia ofisi ya serikali ya mtaa kupata barua, kisha huonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Nenda asubuhi, nenda na barua, na nenda kabla hujaishiwa dawa.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Uliza Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ni vifurushi vipi vipo sasa, na uulize hasa kama dawa za kisukari na kipimo cha HbA1c vimo.

Kama uko kwenye kikoba, chungulieni katiba yenu. Vikundi vingi vina mfuko wa jamii wa ugonjwa na msiba, lakini watu huutumia wakati mtu amelazwa. Ombeni utumike pia kununua dawa za mwezi. Dawa za mwezi mmoja ni nafuu kuliko kulazwa.

Anayekuahidi utapona

Utapata mengi: unga, matone, majani, kahawa maalumu, sauti za kusambazwa. Nina kanuni tatu rahisi. Mtu akikwambia uache dawa za hospitali ili yake ifanye kazi, ondoka. Akikwambia dawa moja inatibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume, ondoka. Akikataa uioneshe kwa muuguzi wako, ondoka.

Ni kweli wapo watu wenye kisukari cha aina ya pili ambao, baada ya kupunguza uzito kwa kiasi kikubwa, sukari yao hukaa sawa bila dawa. Hilo hufanyika kwa kupimwa na kufuatiliwa na daktari, na linaweza kurudi. Halifanyiki kwa chupa ya elfu hamsini.

Wanaokuzunguka wajue hatari hizi

Waonyeshe sehemu hii wale watu wako wawili.

*Sukari ikishuka sana, chini ya 4.* Hutokea zaidi kwa wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi, hasa wakichelewa kula. Dalili ni jasho, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, hata ukali usio wa kawaida.
- Akiwa anaweza kumeza: mpe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida.
- Subiri dakika 15. Asipopata nafuu, rudia. Akipata nafuu, ale chakula.
- Akiwa amezimia: usimtie kitu chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu, mkimbizeni hospitali.

*Sukari ikipanda sana.* Kiu isiyokwisha, kukojoa sana, kutapika, kupumua kwa kasi, kusinzia au kuchanganyikiwa. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

*Nyingine za kuwahi bila kusubiri:* maumivu ya kifua, upande mmoja wa mwili au uso kulegea, macho kuacha kuona ghafla, kidonda cha mguu chenye harufu, weusi au homa.

Na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, nenda ukapimwe kifua kikuu. Kisukari huongeza hatari ya kuugua TB mara mbili hadi tatu.

Moyo nao unahitaji msaada

Kulia baada ya kuambiwa si udhaifu. Lakini kama zaidi ya wiki mbili huna hamu ya kitu, hulali, au unaona heri usingekuwapo, mwambie muuguzi. Sonona huambatana na kisukari mara nyingi na ina matibabu.

Mlezi, na wewe unachoka. Anayepika, anayesindikiza na anayekesha asiwe mtu yule yule mwaka mzima. Ita kikao cha familia, hata cha simu, ugawe kazi upya. Dada wa Mwanza hawezi kusindikiza, lakini anaweza kutuma ya dawa kila mwisho wa mwezi.

Wiki hii fanya matatu

1. Waambie watu wawili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa kazini, na uwaonyeshe cha kufanya sukari ikishuka.
2. Andika zile kazi sita kwenye karatasi, na mbele ya kila kazi andika jina la mtu.
3. Ondoa sukari kwenye vinywaji vyako, na ujue tarehe ya kliniki yako ijayo.

Karatasi hiyo ibandike jikoni. Atakayekuja na ushauri wa kumi na moja, mwonyeshe kazi ambayo bado haina jina, umuulize kama ataichukua.